Poda Kwenye Begonia

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mzee Bunchuai, mjini Chiang Mai, msimu wa baridi. Kila asubuhi yeye na binti yake Rampha walikunywa uji wa wali. Kisha mzee aliingia chumba cha marehemu mkewe. Madirisha ya humo hayakufunguliwa tangu mazishi. Kando ya kitanda kulikuwa na begonia. Maua mengine yote ya marehemu yalishakufa.

Siku moja tukakuta majani yake meupe, kama yamepakwa poda.

"Msiguse," mzee alinong'ona. "Mama yako ameanza kujipodoa tena."

Kopo la poda la marehemu lilikuwa rafuni, limefunikwa.

Weupe ukaenea. Majani yakaanza kudondoka. Rampha aliogopa begonia nayo itakufa, akanunua sokoni taa ya kuua ukungu. Akaiwasha usiku, akaenda kulala. Mzee akanyata akaingia. Akakaa mbele ya ule mwanga wa zambarau mpaka alfajiri, akimngojea mkewe.

Kulipokucha tukasikia ukelele. "Macho yamejaa mchanga! Sioni!"

Kliniki walimtibu, wakasema ataona tena. Tuliporudi, jirani yetu Kesorn, mkuza maua, alikuwa mlangoni.

"Kaka Bunchuai, hata kumtongoza marehemu unataka taa?"

"Nilimwona, Kesorn. Alikuwa anajipaka."

"Ulikuwa unaunguza macho, basi! Ile si poda. Ni ukungu. Ukungu unapenda chumba kisicho na hewa. Na taa hii inatoa miale ya urujuanimno. Miale yenyewe huioni, lakini inaua ukungu, na inaunguza macho na ngozi."

"Kwa hiyo niitupe, shangazi?" Rampha aliuliza.

"Usitupe. Ijue. Kwanza kata majani mabovu, na mchana fungua madirisha. Usiku mulika kwa muda mfupi ulioandikwa kwenye karatasi ya taa. Ukizidisha, unababua majani. Anza na jani moja, uone. Mulika na chini ya majani, utitiri unaonyonya majani hujificha huko. Kisha acha giza, maana mwanga wa mchana unausaidia ukungu kujiponya. Swichi iwe nje ya mlango. Asibaki mtu ndani, wala paka."

Mzee aligeuza uso wake wenye bandeji. "Na yeye? Atoke?"

Kesorn hakucheka. "Mwambie atoke, kaka."

Wakafanya hivyo. Macho ya mzee yakapona. Weupe ukapungua, ukaisha, na begonia ikatoa jani jipya, safi kabisa.

Lakini kila mara kabla ya kubonyeza swichi, mzee hufungua mlango na kuita kwa upole, "Toka, mama Rampha, tunawasha." Husubiri kidogo, kisha hufunga.

Nami, nikiwa pale kwenye ukumbi mwembamba nje ya chumba, harufu ya poda ikinifikia, husogea ukutani kumpisha.