Abiria wa Kuzugia

Siku walipokutana nilikuwa nimesimama karibu nao kiasi cha kusikia vicheko vyao, nami sikuona kitu. Niliona ukungu ukiteremka kutoka msitu wa Magamba, niliona magari na zamu zake, niliona idadi. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuongoza mapitio ya usafiri wa abiria katika mji wa Lushoto na njia zote zinazouzunguka, na mtu aliyezoea kuhesabu watu huweza kuwatazama wawili wanaopendana na kuandika "abiria wawili" bila mkono kutetereka. Haya ninayoyasimulia nimeyapata baadaye vinywani mwao, mara wakipokezana, mara wakibishana.

Ilikuwa Julai, na stendi ilinuka dizeli, mahindi ya kuchoma na kabichi zilizolowa umande. Hidaya, mhandisi wa timu yangu, alipanda kosta ya Mlalo akiwa amevaa koti la sufu la rangi ya zambarau, ushungi wa kijani ameuzungusha shingoni kwa sababu ya baridi, na buti ambazo Tanga, alikolelewa, asingepata pa kuzivalia. Akaketi dirishani. Kwenye kiti cha jirani alikuwapo mwanamume mrefu, sweta jeusi, kofia ya kufuma imevutwa hadi kwenye nyusi.

"Dada, upande huo una baridi. Njoo huku kwenye jua."

"Jua liko wapi, kaka?"

"Linakuja. Kwetu jua ni mgeni wa heshima, haliharakishwi."

"Na gari linaondoka saa ngapi?"

"Likijaa."

"Linajaa saa ngapi?"

"Likijaa," alirudia, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu.

Hidaya alitoa dodoso lake. "Jina lako?"

"Zuberi."

"Unakwenda wapi?"

"Mlalo."

"Kwa shughuli gani?"

"Kuposa."

"Hongera."

"Bado sijampata mchumba. Ndiyo kwanza nimepata kiti cha karibu."

Hidaya alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. Aliandika namba ya simu ya Zuberi, akaandika jibu lake, na wakati huo akina mama wenye vikapu walikuwa wakipanda mmoja mmoja, wakajaza viti vya nyuma, kisha vya kati. Dereva akapiga honi. Zuberi akasimama, na wanaume wengine watatu wakasimama pamoja naye, wakashuka.

"Kaka Zuberi! Mlalo je?"

"Mlalo haihami, mhandisi. Safari njema."

Konda ndiye aliyemfafanulia, huku akifunga mlango. "Hao ni abiria wa kuzugia, dada. Watu hawapandi gari tupu. Hao wanakaa mpaka wenye safari waje, halafu wanahamia gari la zamu inayofuata. Na huyo uliyekuwa naye ndiye katibu wa chama cha wenye magari."

Jioni hiyohiyo Hidaya alimpigia simu.

"Umeniharibia takwimu."

"Nani mwenzangu?"

"Unajua sana ni nani. Nimekuhesabu wewe na wenzako, nikawafikisha Mlalo, kumbe mko stendi mnakunywa chai."

"Basi tungefaidi sana, mpenzi, safari ya bure."

"Mpenzi nani?"

"Nisamehe. Ulimi umeondoka kabla haujajaa."

Kikamtoka Hidaya kicheko alichojaribu kukizuia kwa kiganja. Zuberi alikisikia hata hivyo.

Kuanzia hapo walionekana pamoja. Nasema walionekana, kwa kuwa mji mzima uliwaona isipokuwa mimi. Walikwenda Irente, wakakaa juu ya mwamba wakila mkate na jibini, miguu yao ikielekea nyika ya Mazinde iliyotanda chini. Zuberi alikuwa na mwendo wa taratibu na sauti nzito. Hidaya hakutulia. Aliangalia saa, akasimama, akaketi tena, akauliza basi la mwisho la Tanga hupita Mombo wakati gani, ingawa hakuwa anasafiri.

"Laazizi, una mdudu gani miguuni?"

"Nina Bi Klara kichwani." Huyo alikuwa bibi wa Mlalo aliyemhoji, mgonjwa wa shinikizo la damu. "Anatoka nyumbani alfajiri siku yake ya kliniki. Anakaa ndani ya gari lisiloondoka. Akifika hapa wameshafunga kupokea wagonjwa, anarudi na ugonjwa wake. Na hayuko peke yake, Zuberi. Nitapendekeza magari ya asubuhi yaondoke kwa saa, yamejaa au hayakujaa."

Zuberi alimenya jibini ganda lake.

"Utasimama na mimi siku ya mkutano?"

"Subiri kwanza niwaweke sawa wenye magari."

"Na mama yako umemweleza habari zangu?"

"Subiri kwanza nimweke sawa mjomba. Mjomba akikubali, mama atakubali. Mambo ya watu hayaendi kwa king'ora, roho yangu. Yanaenda watu wote wakiwamo."

Hidaya aliutazama upepo ukisukuma ukungu kando ya mwamba. Moyoni alianza kujiuliza kama mwanamume huyu amewahi kuanza jambo lolote akiwa peke yake.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi mmoja mjini. Mwenyekiti wa chama, Mzee Rajabu, alikuwa mtu wa tumbo kubwa na maneno makubwa zaidi. Hidaya alimwamkia shikamoo kwa adabu, akaulizwa ukoo wake, akasema baba ni Msambaa na mama ni Mzigua. Hapo ndipo mzee alipopata ruhusa aliyokuwa akiitafuta, kwa maana Wazigua ni watani wake, na mtani hana mpaka.

"Jamani!" alisema mbele ya wote. "Mzigua huyu kapanda mlima kuja kutupanga. Hajui sisi tulishampanga! Tulimweka katibu wetu akae ubavuni kwake, ajaze kiti, mpaka tukajua yote yaliyomo mkobani mwake. Mwali wa Kizigua hakai peke yake, atalia!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mtu aliyekulia katika utani angemjibu mzee kwa tusi zito zaidi, angemwita mwizi wa kabichi, na mzee angefurahi na kumnunulia soda. Hidaya alikulia mjini, miongoni mwa watu wasiotaniana tena. Aligeuka kumtazama Zuberi. Zuberi alikuwa anatabasamu, akingoja Hidaya ajibu mapigo. Halafu, tabasamu halijafutika, aliitwa asome msimamo wa chama. Alisimama, akasoma: wenye magari hawakubali kuondoka kwa saa.

Zuberi alimkuta nje akifunga vifungo vya koti.

"Hidaya, yule mzee alikuwa anatania!"

"Nimesikia."

"Ni mtani wako. Ulitakiwa umrudishie."

"Na waraka uliousoma, nao utani?"

Zuberi alivua kofia, akaikunjakunja mikononi.

"Ulikaa kando yangu ili nionekane nina mtu," Hidaya alisema. "Nikadhani ninasafirishwa. Ondoka, Zuberi. Hamia gari la zamu inayofuata."

Hidaya aliteremka Mombo siku hiyohiyo, akapanda basi la Tanga. Zuberi alipiga simu, ikaita, haikupokelewa. Akaandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine mfupi zaidi, akaufuta huo pia. Hidaya naye, kule Tanga, aliacha kukaa kitini. Mama yake alimwona akizunguka barabara za Ngamiani baada ya kazi, akiingia hii na kutokea ile kama mtu aliyepoteza ufunguo, simu mkononi, akiitazama na kuirudisha mkobani.

"Mwanangu, huyo mtu kakuudhi au umemkosa?"

"Kaniudhi, mama."

"Mbona unatembea kama uliyemkosa?"

Nilikuwa ninaandika ripoti nilipopigiwa simu na muuguzi wa kliniki. Alitaka kujua ni lini tumeanzisha gari la saa, kwa kuwa wagonjwa wa Mlalo walikuwa wanafika mapema. Sikuwa nimeanzisha lolote. Nilimwita Hidaya tupande tukaone, naye akaja kwa kuwa ni kazi, akiwa amevaa koti lilelile na uso wa mtu asiyetaka kuulizwa kitu.

Tulilala Mlalo. Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Haisi moja nyeupe ilikuwa inanguruma pembeni ya stendi, nusu ya viti vyake vitupu, na madereva wengine walikuwa wamejipanga kuicheka.

"Mghosi, leo tena unabeba upepo?" walimwuliza dereva wake, wakimwita bwana kwa Kisambaa.

"Upepo nao una miadi," alijibu aliyekaa kwenye usukani.

Hidaya aliitambua sauti mguu wake ukiwa tayari ndani ya gari. Alisita. Bi Klara, aliyekuwa amekaa mbele na kanga mbili kichwani, alimvuta mkono. "Ingia, mjukuu wangu. Huyu hangoji mtu." Tukaingia. Saa ilipotimia, gari likaondoka.

Tulipita kona kadhaa. Kisha Zuberi akasema, macho barabarani:

"Nilitumwa, ni kweli."

"Sikukuuliza."

"Mzee Rajabu alinituma niwaonyeshe wageni ofisi, choo na mahali pa kunywa chai. Hayo ndiyo niliyotumwa. Kukupenda sikutumwa na mtu, na kama angenituma ningemwambia angoje, kama ninavyowaambia watu wote."

"Na waraka?"

"Waraka niliusoma kwa kinywa changu huku siuamini. Hilo ni kosa langu, sina wa kumtupia." Alipunguza mwendo kwenye kona. "Gari hili ni la kwangu na mjomba. Mjomba amekasirika, anasema nimechanganyikiwa. Chama kitakutana Ijumaa kunivua ukatibu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuwa unapokea simu."

"Ungeandika."

"Niliandika. Lakini kila nikisoma naona ni maneno ya mtu anayetaka asamehewe kwanza ndipo afanye. Nikasema nifanye kwanza."

Hidaya alitazama nje, misitu ya Magamba ikipita, machozi yakimpasha joto mashavu.

"Na mama yako?"

"Nimemweleza bila mjomba. Ameniambia nisiposhuka Tanga na wazee kukuposa, atashuka mwenyewe na atanitia aibu."

"Hata mjomba hajakubali?"

"Hajakubali. Mzee Rajabu hajakubali. Wewe mwenyewe hujakubali. Nimeamua kukuuliza hivyohivyo. Hidaya, utaolewa na mimi?"

Gari likayumba kidogo pembeni ya bonde, na Bi Klara akajishika kwenye kiti kwa mikono yote miwili.

"Mjukuu wangu, mjibu haraka!" alisema. "Tangu aulize, haoni kona."

"Nitajibu akiangalia mbele."

"Ninaangalia."

"Basi ndiyo," Hidaya alisema, na kwa sauti ya chini zaidi, ambayo safari hii niliisikia vizuri, "na usinisubirishe tena, mpenzi wangu. Sijui kusubiri."

Ijumaa Zuberi alivuliwa ukatibu, na Mzee Rajabu ndiye aliyesimamia kura. Mzee huyohuyo alikuwa miongoni mwa wazee walioshuka Tanga kuposa, na Hidaya, aliyekuwa ameshafundishwa na mama yake, alimwita mwizi wa kabichi mbele ya shangazi zake wote. Sasa gari moja la Mlalo huondoka asubuhi kwa saa, na jingine la Mtae limefuata. Mengine bado yanangoja yajae. Hidaya amehamia Lushoto.