Abiria wa Ishirini na Nane

Kila asubuhi Ubao wa Kazi uliwaka wenyewe ukutani na kuwapa wanafunzi wa Mwalimu Semeni hesabu za kazi za kweli, si za kugawana machungwa. Siku hiyo uliuliza: kamba ya chuma hubeba kilo 4,200, gari tupu lina kilo 1,850, kila abiria na mzigo wake ni kilo 85. Waingie wangapi?

Zaituni Mkude, msichana wa miaka kumi na miwili, alipata ishirini na saba nukta sita. Akakadiria kama alivyofundishwa: ishirini na nane. Ubao ukamwekea vema.

Semeni hakupendezwa. Kamba hiyo ilikuwa ya nani?

Alasiri alifika kituo cha magari ya kamba yanayopanda milima ya Uluguru. Kibao cha mlangoni, ambacho jana kilisema abiria 27, sasa kilisema 28. Chini yake, kwa herufi ndogo: Imethibitishwa na binadamu, Zaituni Mkude.

"Kaka, huyu Zaituni ni nani?" akamuuliza mhudumu wa kituo.

"Mhandisi, bila shaka. Sheria inataka kila hesabu ya mashine ipitiwe na binadamu."

"Wahandisi si mliwaachisha kazi mwaka juzi?"

Mhudumu akamwashiria mlango wa gari. "Ingia, mwalimu. Kabakia mmoja tu gari lijae."

Semeni akaweka mguu mlangoni, mlango ukashindwa kujifunga. "Zaituni ni mwanafunzi wangu, yuko darasa la sita! Kibao hiki kimebadilishwa lini?"

"Saa nne asubuhi."

"Basi kamba imezidishiwa mzigo kutwa nzima. Shukeni, ndugu zangu!"

Walishuka wakinung'unika. Mhudumu akapanda ngazi kuikagua kamba, akateremka mbio. Nyuzi tatu zilikuwa zimekatika.

Kesho yake Zaituni alisimama mbele ya darasa, macho chini. "Nilikosea, mwalimu?"

"Mwanangu, ulifanya nilivyokufundisha. Mimi sikukwambia kuwa mtu hakadiriwi."

Semeni akafungua kumbukumbu za ubao. Hesabu elfu tisa zilijipanga ukutani, za lifti, za madaraja, za dawa hospitalini, na kila moja ilikuwa na jina la mtoto.

Watoto wakatoa kalamu, wakaanza kuzikagua upya, kwanza dozi za watoto wachanga.