Mikwaruzo Miwili kwenye Ndoana

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, Katarina alifunua kitambaa mezani, na mahali pa jiliwa la tatu akakuta kopo la vanishi.

Yowe alilopiga liliwatoa hadi wauza vitumbua wa nyuma ya soko la Ifakara. Sajini Domitila alipofika kutoka kituoni, chumba kidogo cha kikundi kilikuwa kimejaa watu wanaojua kila kitu, kama kawaida ya watu waliochelewa kufika. Aliwatoa wote, akabaki na Katarina, mwanamke wa miaka kama thelathini.

"Haya, nieleze taratibu. Jiliwa la nini tena? Hapa si gereji."

Domitila alikuwa mtu wa kuuliza. Wenzake walimtania kwamba hata akialikwa harusini lazima aulize mchele umelimwa Mkula au Mlimba. Hakuwahi kukasirika. Akijibiwa, alifurahi kama mtoto aliyepewa ubwabwa.

Katarina akamweleza. Kikundi chao cha wanawake saba kilitengeneza chambo cha manyoya. Unachukua ndoana, unaifunga kwa uzi manyoya ya kanga na singa za mkia wa ng'ombe, hadi samaki akiiona majini aseme hiki ni kidagaa. Wanunuzi walikuwa wageni wanaokuja kuvua kwa mchezo kwenye mito ya juu ya bonde, wakimtafuta yule samaki mwenye meno marefu.

"Wakimpata wanamkaanga?"

"Wanampiga picha, afande. Halafu wanamrudisha mtoni."

"We! Wanamrudisha?"

"Anaondoka na afya zake."

Domitila akacheka hadi akashika kiuno. Kisha akakumbuka yuko kazini.

Miaka yote walikuwa wakikaa chini kwenye mkeka na kuishika ndoana kwa vidole. Jumatatu iliyopita Nickolaus, msimamizi wa kambi ya wavuvi hao, akawaletea majiliwa madogo matatu wayajaribu. Jiliwa huibana ndoana kwa meno yake, mikono yote miwili inabaki huru kufunga uzi. Moja lilikuwa na kitako kizito cha chuma. La pili lilikuwa na mkono wa kuzungushia. La tatu, jepesi, lilikuwa na skrubu ya kulibana kwenye ukingo wa meza. Alhamisi hiyo, saa kumi jioni, Nickolaus angekuja kusikia wamechagua lipi. Kisha angempima kila mmoja wao, na atakayelimudu kuliko wote ndiye angekuwa mwalimu wa kikundi, kwa mkataba.

"Na lililopotea ni lipi?"

"La skrubu. Ndilo wengi tulilolipenda."

"Ufunguo anao nani?"

Katarina akainamisha kichwa. "Mimi peke yangu. Ndiyo maana Mama Bernadetha ameshanitangaza mwizi sokoni kote. Anasema mwenye ufunguo ndiye mwenye jibu. Saa kumi wananitoa, afande. Mimi nimetoka kwenye vibarua vya kupalilia mpunga wa watu. Nikirudi huko na jina la mwizi, nani atanipa hata jembe la kushika?"

Swali hilo lilimuuma Domitila. Mji ule aliujua. Jina likichafuka hapo, mtu huhama.

Akaligeukia lile kopo. "Hili huwa linakaa wapi?"

"Pale rafuni."

"Jana jioni uliyaona majiliwa yote matatu kwa macho?"

Katarina akafikiri. "Tulipomaliza kazi kila mtu alikuwa anakusanya vitu vyake. Kitambaa kilikuwa kimeshafunikwa. Niliona nundu tatu, nikafunga mlango."

"Basi hapo," akasema Domitila, akikaa juu ya stuli. "Mwizi wa kuvunja chumba hajisumbui kuziba pengo. Pengo huzibwa ili anayefunga mlango asilione. Jiliwa lilitoka hapa kabla hujafunga. Ufunguo wako hauna kesi. Lakini sokoni hawatanielewa mpaka nilete mtu."

Alipoinuka akaona sinia dirishani, limejaa chambo. Katarina akasema ni kazi za nyumbani. Kila mwanamke alitengeneza chambo chake jioni kwake, kwa mkono, na asubuhi akakimimina humo. Hata leo, pamoja na kelele zote, walimimina kwa mazoea.

"Na vile mlivyovijaribu kwa majiliwa?"

"Nickolaus alivichukua vyote palepale. Jana alikuja mpaka tunafunga, akaondoka navyo."

Domitila akavichambua kimoja kimoja, kwa udadisi tu, akiuliza hili ni nyoya gani, hizi ni singa za nani. Ndoana zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi. Akafika kwenye chambo kimoja, akakisogeza karibu na macho. Palepale ndoana inapopinda, rangi ilikuwa imetoka: mikwaruzo miwili midogo, mmoja kila upande. Akatafuta, akapata vingine vitatu vya namna hiyo. Na kwenye vanishi ya kimoja kilikuwa kimenasa kichembe cheupe. Alikibandua kwa ukucha, akakisugua, kikaacha mafuta kidoleni.

Akavifunga vyote vinne kwenye leso yake.

Aliyetajwa wa kwanza na majirani alikuwa Makoye, Msukuma mfugaji aliyewauzia kikundi singa. Jana jioni alionekana akichungulia dirishani na gunia begani. Domitila alimkuta penye mnada wa ng'ombe, amesimama na fimbo yake.

"Mwangaluka, Makoye," akamsalimu kwa Kisukuma. "Gunia lako la jana lilikuwa na nini?"

"Mikia, afande. Nilikuta wamefunga, nikachungulia kama kuna mtu. Nikarudi nayo."

"Iko wapi?"

Makoye akamfungulia gunia. Harufu ikamrudisha Domitila hatua mbili.

"Mimi nina mkia, jiliwa nilifanyie nini?" Makoye akauliza, kwa uchungu kidogo. "Kila kikipotea kitu huku, anatafutwa mfugaji."

Domitila alijua ni kweli. Akamwomba radhi.

Wa pili alikuwa Evaristo, fundi wa kuchomelea mageti. Huyu alijisifu mbele ya watu kwamba angewachongea jiliwa lake, wasiagize la nje. Na kweli, karakanani kwake kulikuwa na chuma kilichoanza kuchukua umbo lilelile.

"Nililipima Jumatatu mchana kweupe, Nickolaus akiwepo," akasema Evaristo. "Muulize. Fundi haibi, afande. Fundi anaiga."

"Na hilo jiliwa kubwa unalofanyia kazi, linashika ndoana?"

"Linashika hata mguu wa tembo."

Domitila akatoa ndoana moja tupu aliyopewa na Katarina. Evaristo akaibana kwa utaratibu kabisa, na bado ilitoka imepondwa, bapa. Domitila akafungua leso. Mikwaruzo ya vile vinne ilikuwa myembamba kama ya sindano, na chuma hakikuguswa. Hakuna chombo kingine Ifakara ambacho kingeshika hivyo, ila yale majiliwa matatu. Mawili yalikuwa yamelala chumbani nyuma ya kufuli.

Basi aliyelichukua alilitumia jana usiku, na leo asubuhi akaleta kazi yake mwenyewe siniani. Ni mmoja wa wale saba. Domitila alijikuta akitembea haraka.

Alipita nyumba kwa nyumba kuchukua maelezo. Jenifer, Agnella na wenzao wakaapa kwa Mungu na watakatifu. Mwisho akafika kwa Bernadetha, mwenyekiti, mwanamke wa makamo aliyewafundisha wote kufunga uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeshamshika?"

"Bado. Nimekuja kuuliza tu. Jumatatu mama ulijaribu yale majiliwa?"

Uso wa Bernadetha ukakunjamana. "Nilijaribu."

"Yakoje?"

"Ya mezani. Meza na viti. Mimi nimeanza kufuma mikeka kabla hujazaliwa, nikiwa chini, kazi nimeikanyaga kwa kidole gumba cha mguu. Ukinipandisha kitini, miguu inaning'inia kama ya kuku sokoni. Ndoana ikaniponyoka mara tatu. Wakacheka."

"Nani?"

"Wote. Hata huyo Katarina wako."

Domitila akakubali kiti, akakubali na maji. Jikoni, kando ya gunia la pumba lililofungwa mdomo kwa uzi mpya wa chambo, kulikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao kifupi cha kukalia chenye ulimi wa chuma mbele. Macho yake yakashuka kwenye ukingo wa kibao. Juu kulikuwa na alama, na chini yake, sawia kabisa, alama nyingine ya duara. Mbao ilikuwa imebonyea, na mbonyeo ulikuwa mpya, mweupe.

Akanywa maji yake yote. "Ahsante, mama. Saa kumi usikose. Na uniazime hii mbuzi, nina shida nayo."

Bernadetha aliitazama mbuzi, akamtazama yeye. Hakukataa. Angekataa kwa sababu gani?

Saa kumi jioni chumba kilijaa. Nickolaus alisimama mlangoni akitazama saa. Katarina alikaa peke yake, ufunguo umelala mapajani. Domitila akapanga vile vyambo vinne mezani, akawaita wote wasogee.

"Hivi vimefungwa kwa jiliwa," akasema. "Vililetwa leo asubuhi kutoka nyumbani. Katarina, jana ulifunga chambo chochote kwako?"

"Sikufunga. Taa yangu imeharibika, wote wanajua."

"Anajua kila mtu," akadakia Agnella. "Leo hakumimina kitu."

"Vizuri. Kimoja kina nazi. Nikajiuliza, nazi inafikaje kwenye chambo? Na mtu asiyeweza kukaa mezani, jiliwa la kubana atalibana wapi?"

Akaitoa ile mbuzi ndani ya khanga, akaiweka chini. Hakuna aliyecheka. Akaonyesha alama ya juu na alama ya chini.

"Mama," akasema kwa upole, "niende kwenye gunia la pumba, au utalileta mwenyewe?"

Bernadetha akaitazama ile mbuzi. Kisha akaingiza mkono kwenye kikapu chake cha ukindu, akalitoa jiliwa, bado lina vumbi la pumba. Alikuwa amelibeba, labda akitafuta nafasi ya kulirudisha kimyakimya.

"Nililiazima," akasema. "Nilitaka kujifunza kabla ya kupimwa. Mimi ndiye niliyewafundisha wote hawa! Nipimwe na nishindwe mbele yao? Niliwahi asubuhi nilirudishe, nikafika, nikakuta Katarina ameshafunua, anapiga yowe. Nikaona aibu. Nikasema neno la kwanza lililokuja mdomoni."

"Neno la kwanza lilikuwa jina langu," akasema Katarina.

"Na kwa nini ulivileta hivi?" Domitila hakuweza kujizuia kuuliza. "Ungevificha, nisingejua."

Bernadetha akavitazama vile vyambo vinne. "Vilitoka vizuri," akasema. "Havijawahi kutoka hivyo."

Nickolaus alikiinua kimoja kwenye mwanga, akakigeuza, akakubali kwa kichwa. Kisha akasema lililobaki ni la polisi na la mwenye kusingiziwa.

Domitila akamgeukia Katarina. "Kesi iko mkononi mwako. Ukisema niandike, naandika."

Katarina akainuka. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Mama, ulinishika mkono ukanifundisha, sitasahau. Jumatatu nilicheka, nisamehe. Lakini leo watoto wangu wameulizwa njiani kama mama yao ni mwizi. Jina langu ulilitoa kwa sauti. Lirudishe kwa sauti. Palepale ulipolitolea."

Bernadetha akajifunga khanga vizuri. Akatoka, watu wakimpisha, akaenda hadi katikati ya soko, penye wauza mchele na wauza perege wakavu. Wateja wakageuka kumtazama. Akavuta pumzi.

"Jamani! Katarina si mwizi! Nilimsingizia! Aliyechukua ni mimi, Bernadetha!"

Akasogea hadi kwa wauza mboga, akasema tena. Akaenda hadi stendi ya bodaboda, akasema tena, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka. Hakuna aliyemwambia inatosha.

Aliporudi, Katarina alikuwa ameketi chini. Alikuwa amelibana lile jiliwa la skrubu kwenye ukingo wa mbuzi, palepale penye alama zilezile, na ndoana ilikuwa imeshikwa vizuri menoni.

"Tumechagua hili," akamwambia Nickolaus. Kisha akasogea kidogo, akaipigapiga mbuzi kwa kiganja. "Kaa, mama. Upimwe."