Jini Aliyetaka Kanula ya Chungwa

Nshaliona jambo hili kwa macho yangu haya mawili, nami nimejificha chini ya kitanda cha pili, damu ikanirukia kanzu nzima. Anobisha aje aifue.

Wodi ya watoto, Ijumaa, saa tano asubuhi. Nesi Nassra anamtafutia mshipa Munir, miaka miwili, kazaliwa na tundu kwenye moyo, midomo buluu kama wino. Bila dawa ya mshipani hafiki adhuhuri. Nassra akachagua kanula, kile kimrija cha kutilia dawa mshipani, ya manjano, ile nyembamba, maana mshipa wa Munir ni uzi wa buibui. Akatia mkono kwenye droo. Ukatoka na ya chungwa, dude nene la watu wazima waliogongwa na malori.

Akairudisha, akashika ya manjano. Ikatoka chungwa tena.

"Bi Sheikha," akamnong'oneza bibi wa mtoto, "wasikia udi?"

"Nasikia, mwanangu. Na hapana aliyefukiza." Bibi akaitupia jicho kanula. "Kila jini na rangi yake. Huyo keshachagua."

"Achague yeye kama nani? Nesi mie!"

Munir akacheka. Sauti ya mzee.

"Tia nene. Nna kiu."

Hapo kitanda kikapaa, troli likaruka likang'oa mlango, vikapasuka vioo vya madirisha arubaini, na wodi ina manane tu, Nassra akabamizwa ukutani, akabamizwa tena, meno yakamwagika kama punje za mahindi, vidole vyake viwili vikavunjwa ko! ko! kama miwa ya Darajani, na ile kanula ya chungwa ikawa yaelea peke yake, taratibu, inaifuata shingo ya mtoto.

Bi Sheikha akakunja baibui, akanyoosha mkono. "Njoo kwangu, mlafi mkubwa we! Mie nna damu ya miaka sabini!"

Nassra akaidaka kanula, akaizamisha mkononi mwa bibi. Damu ikapiga dari. Kitu kikasikika kikigugumia, gudu, gudu, gudu, na bibi akanywea mpaka akawa kama kopa la muhogo uliokaushwa juani. Udi ukakatika.

Munir akalia, kilio cha mtoto. Nassra, kwa vidole vilivyobaki, akatia ya manjano, akatoa kila kiputo cha hewa, maana kwa moyo wenye tundu kiputo kimoja chapanda ubongoni. Dawa ikashuka. Midomo ikarudi rangi.

Yote kweli tupu, hata madirisha. Pahala pamoja tu nimekudanganyeni: Bi Sheikha hakunyoosha mkono. Alikuwa keshafika mlangoni, anakimbia. Nassra alimkamata baibui, akamrudisha.