Gia Aliyoikata Claudette

Haya yalimpata rafiki yangu Claudette, mshonaji wa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, na hadi leo anayasimulia kwa hasira zaidi kuliko hofu. Alikuwa amenunua gari kuukuu la otomatiki la kupelekea nguo Lilongwe. Bega lake la kushoto liliwahi kuvunjika, na mkono wa gia ulikuwa mrefu mno kwake, kila safari ilimuumiza. Fundi Émile alikubali kuufupisha, akaanza, kisha akaacha.

"Maman Claudette, mi sitakata. Kila nikiweka msumeno, naskia mutu analia mule ndani."

"Basi alie," akajibu Claudette. "Mi njo naendesha, si wewe."

Alasiri hiyo mvua ilileta giza uani. Claudette alichomoa waya za betri, akajifungia garini, akafungua kichwa cha gia na kuanza kukata mwenyewe. Msumeno ulipokwaruza chuma, kitu kikavuta pumzi kwenye kiti cha nyuma, polepole, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nywele zilimsimama, lakini hakugeuka.

"Kama unataka kushuka, mlango uko hapo. Mi nakata."

Akaondoa upana wa vidole vinne, akarudisha kichwa. Pumzi ikanyamaza.

Asubuhi alirudisha waya za betri, akawasha injini, akashusha mkono kwenye gia. Haukufika. Kiganja kilikwama hewani, pale pale kichwa cha gia kilipokuwa kabla hajakata, kimeshika chuma baridi kisichoonekana, kinachotetemeka pamoja na injini. Claudette akakivuta hivyo hivyo, na gari likaingia gia.