Sanduku la Kofia ya Meja Botho

"Kofia inasafiri. Treni ya saa nne na nusu."

Kapteni Asmus akakata simu. Hakuwa mtu wa salamu.

Gerwin Stolle, mpelelezi wake, akachomeka bastola ya Mauser kiunoni, akavaa koti la bluu la wachukuzi wa stesheni. Kofia ilikuwa ya Meja Botho, mwanamfalme wa Lindenroda, binamu wa mbali kabisa wa mtawala. Umeja alipewa kwa kuzaliwa tu, na medali kumi na moja alizipata bila kusikia risasi ikilia. Vita vyake vyote alipigana na bata mezani, na hata bata huyo alikatiwa na mtumishi.

Chini ya kitambaa cha sanduku la kofia hiyo kulikuwa na ramani ya mahandaki ya Ngome ya Ehrensberg. Nchi jirani imemwahidi ujenerali akiwapelekea, naye mjinga kaamini. Wakala wao, mtu aliyejiita muuza saa, alikuwa tayari amekaa daraja la kwanza la treni hiyo.

Ramani ikivuka mpaka, ngome inageuka kaburi. Na kwenye mzinga wa tatu wa ngome hiyo alikuwapo Matthis, mdogo wake Gerwin.

Kumpekua mwanamfalme haiwezekani. Polisi akimgusa, anafungwa polisi mwenyewe. Upuuzi mtupu, lakini ndiyo sheria.

Basi Gerwin alikuwa ameshamshughulikia mtumishi wa Botho. Tangu alfajiri alimnywesha bia, mpaka jamaa akalala chini ya meza.

Saa nne na dakika ishirini gari la farasi likasimama. Botho akashuka, masharubu yanang'aa kwa nta. Akamwita mtumishi wake.

Hakutokea mtu.

Akaita tena. Sanduku liko pale pale kwenye kiti cha gari. Afisa mwenye sare habebi mzigo mbele za watu, hata mkate, na stesheni ilijaa wake za maafisa. Hatua arobaini tu hadi kwenye treni! Jitu zima, upanga kiunoni, linatokwa jasho kwa ajili ya sanduku la kofia.

Filimbi ya kwanza ikalia.

"We mchukuzi," Botho akasema bila kugeuza shingo. "Beba hili. Na ukae nyuma, unanuka."

"Naam, Mtukufu."

Botho akatangulia, kifua mbele. Mwanamfalme hageuki kumtazama mchukuzi. Hatua ya kumi, Gerwin akapinda kuingia chumba cha mizigo, akachana kitambaa kwa kisu.

Ramani ilikuwepo. Akaitia mfukoni. Matthis atazeeka.

Akanyanyua simu ya ukutani.

"Kofia ninayo."

"Na muuza saa?"

"Behewa la pili. Huyo si mwanamfalme, mkamateni."

Dakika tatu baadaye muuza saa akashushwa na pingu mikononi. Botho alibaki dirishani mwa behewa, mwekundu mpaka masikioni. Akamwona mchukuzi wake anapita.

"Sanduku langu liko wapi? Unajua mimi ni nani, wewe?"

Gerwin akasimama, akamwangalia vizuri.

"Lingekuwa na thamani, Bwana Meja, si ungelibeba mwenyewe?"

Treni ikang'oka kuelekea mpakani. Huko walikuwa wakisubiri ramani, na sasa wangempata Botho tu. Pole yao.

Gerwin akalichukua sanduku kule chumba cha mizigo, akalitia kwapani, akaenda zake kunywa kahawa.