Jeneza Lisilo na Mwenyewe

Jumanne ilianza kama Jumanne nyingine. Gundi ilichemka kwenye kopo, maranda yalijaa miguuni, na kijana mwenye shahada ya isimu, tena upper second, alikuwa akipiga msasa jeneza la mtu ambaye hakufa. Ndugu wa mgonjwa waliagiza mapema. Mgonjwa akawaaibisha, akapona.

Mtaani walimwita Prof, na hawakuwa wakimsifu. Miaka minne alituma barua za kazi, na ofisi zote zikawa kimya kana kwamba zimehamia mwezini. Ndipo akaishia kwenye karakana ya majeneza ya mjomba wake. Lakini jana simu iliita. Ofisi moja inayotunga kamusi ilimtaka Jumatano saa tatu asubuhi kwa mahojiano. Tangu hapo kila akipita kwenye kioo alijitazama, ahakikishe ni yeye kweli.

"Ukipata hiyo kazi yako ya kuhesabu maneno utatusahau," mjomba alisema, akikaza kamba za mzigo kwenye pikapu.

"Siyo kuyahesabu, mjomba. Kuyatafutia asili."

"Kwani yamepotea?"

Prof akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Hilo la aliyepona limalizie," mjomba akaongeza. "Ila kipande kisitoke humo."

Ndiyo ilikuwa desturi yao. Mjomba akishachukua kipimo, alikiandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao na kukilaza ndani ya jeneza mpaka mwili ufike.

"Jeneza halikai bila mwenyewe," alisema. "Likimkosa, linajitafutia."

"With all due respect, mjomba, mbao hazitafuti mtu."

"Mimi sina shahada. Kiache humo."

Pikapu ikaondoka. Benchi la kazi lilikuwa linayumba, na Prof akatafuta cha kuweka chini ya mguu wake. Kipande kile kilikuwa karibu. Kiliandikwa futi sita. Akakichomoa, akakichomeka chini ya benchi.

Benchi likatulia. Karakana ikatulia zaidi.

Hakukuwa na mtu wa kufanya naye mazoezi, kwa hiyo akaligeukia jeneza.

"Good morning, members of the panel. Mkitaka mfano, nitachukua neno jeneza. Limetoka kwenye Kiarabu, janaza. Wataalamu wanauvuta mzizi wake kwenye kusitiri, kufunika. Maana yake, kabla ya mbao na misumari, lilikuwa kitendo. Kazi yake ni kumficha mtu asionekane."

Tangu amalize chuo hakuna aliyemsikiliza hadi mwisho. Akahisi, kwa aibu kidogo, kwamba anasikilizwa.

Akachungulia ndani.

Unga wa mbao ulikuwa umetanda chini, laini, mweupe. Katikati ulibonyea. Visigino viwili. Mabega. Kisogo. Na pale makalio yanapolala, alama ya mstatili. Ndani ya alama ile kulikuwa na simu.

Akagusa mfuko wa nyuma.

Mtupu.

Akapiga magoti, akang'oa kipande chini ya benchi, akakitupa ndani haraka. Kikaanguka maandishi yakiwa juu. Futi tano, inchi nane. Mwandiko wa mjomba. Futi sita alikuwa mgonjwa. Tano na nane alikuwa yeye.

Kifuniko kikashuka taratibu. Hakuna aliyekishika.

Pikapu ilirudi mchana. Mjomba akaingia, akasimama.

"Huyu mtoto kaenda wapi, mlango kauacha wazi?"

"Mjomba, nipo hapa."

Mjomba akampita. Bega lake halikumkwepa. Akatoa simu, akapiga. Mlio ukatoka ndani ya jeneza. Mzee akainua kifuniko kwa mikono miwili, akakiona kipande, akasoma. Akakaa chini kwenye maranda.

"Nilikwambia ukiache," alinong'ona, akiangalia upande ambao Prof hakuwepo.

Prof alimshika mkono. Mzee alijikuna tu pale aliposhikwa.

Kesho yake saa tatu kasorobo, Prof alikuwa kwenye korido ya ofisi ya kamusi, shati limenyooshwa. Kulikuwa na viti vitano. Alikaa cha mwisho. Katibu akatoka na orodha, akasoma jina lake lote, na vyeti vyote.

"Nipo," alisema.

Akasoma tena.

"Nipo, dada. Nipo hapa."

Katibu akamtazama moja kwa moja machoni, akaona ukuta. Akasoma mara ya tatu, akaandika: Hakufika.

"Graduate wa siku hizi," alimwambia mwenzake. "Kazi wanaililia, wakiitwa hawaji."

Kisha akaona kiti cha mwisho kimejaa unga wa mbao. Akaguna, akaufuta kwa kitambaa. Alipogeuka ulikuwa umerudi. Akaufuta kwa kiganja, na hapo mkono ukasita.

Kiti kilikuwa na joto.